Jibu: Kundi la watu tisa kulala Ngezi na kumkosa bundi

Assalamu alaykum ndugu yangu. Umeeleza kwamba mlikwenda watu tisa kaskazini mwa Pemba, mkapiga mahema karibu na Msitu wa Ngezi, na usiku kucha hamkumwona wala kumsikia bundi mdogo wa Pemba.

Kwanza chunguza kelele zenu wenyewe. Sisi tulipokwenda tulikuwa kumi, jenereta ikinguruma kambini (pendekezo langu, nakiri), na hatukupata kitu. Usiku wa pili tuliizima, tukagawanyika vikundi vidogo vidogo pamoja na mwongozaji wa msituni, tukasimama kimya baada ya magharibi bila kuwasha tochi, na haukupita muda mrefu bundi akaanza kulia.

Bundi huyu hupatikana pia kwenye mashamba ya mikarafuu, kwa hiyo msiung'ang'anie msitu peke yake. Ruhusa ya kulala iombeni mapema kwa wasimamizi wa msitu. Msiifanye jambo la kuombwa magharibi mkiwa tayari mmebeba mahema. Ndege wengine wa Pemba, ninga (njiwa wa kijani) na chozi (ndege mdogo anyonyaye maua), watafuteni alfajiri.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi siendi.