Kasino ya mtandaoni usiku wa manane: tazama kwanza mlango wa kutokea

Zamu yangu ya kazi huisha saa tano usiku. Nikifika nyumbani, nikaoga, nikala, usingizi huwa bado uko mbali. Kwa miaka kadhaa saa hizo nimezitumia kucheza kasino kwenye simu, ruleti zaidi (gurudumu la namba na kijipira), sloti mara mojamoja (picha zinazozungushwa kwa kitufe). Nikiulizwa tovuti ipi ni rahisi kutumia, nami huuliza kwanza: wewe unacheza saa ngapi? Tovuti inayokufaa saa kumi jioni, akili ikiwa imetulia, inaweza kukuumiza vibaya saa nane usiku.

Nasema hivyo kwa sababu ya usiku mmoja ambao sijausahau. Nilikuwa nimeshinda vizuri kwenye ruleti, nikaamua inatosha. Nikaomba kutoa pesa. Kabla ombi halijapokelewa nilipitishwa kurasa kadhaa: neno la siri tena, namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe, kuchagua njia ya malipo, swali kama nina uhakika, na swali jingine kama sitaki kwanza bonasi. Mwishowe yakatokea maneno "ombi lako linashughulikiwa", na chini yake kitufe kikubwa cha kijani: "Ghairi". Nikalala kitandani na simu mkononi. Saa nane na dakika ishirini nikakigusa kile kitufe. Mguso mmoja tu. Hakuna aliyeniuliza kama nina uhakika, na salio lilirudi hata kidole sijakiinua. Saa tisa haijafika, pesa yote ilikuwa imeliwa.

Kesho yake mchana nilikaa nikahesabu. Kuweka pesa kwenye tovuti ile kulihitaji miguso miwili. Kuitoa, kumi na moja. Tangu siku hiyo, tovuti mpya naipima kwa hesabu hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na ndiyo hesabu ninayokushauri nawe uifanye. Fungua akaunti mchana, weka kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa, cheza kidogo, kisha omba kutoa. Tazama ni hatua ngapi, pesa inachukua muda gani kukufikia, na kama kuna kitufe cha kughairi kinachokungoja. Uingereza waliliona tatizo hili. Kuanzia tarehe 31 Oktoba 2021, kasino zenye leseni huko haziruhusiwi kumpa mchezaji nafasi ya kurudisha mchezoni pesa aliyokwisha kuomba kuitoa. Ukiomba, umeomba. Kwa mtu anayecheza usiku sijui sheria iliyo na huruma kuliko hiyo.

Uhakiki wa utambulisho umalize mapema. Tovuti nyingi hukuacha uweke pesa na kucheza bila shida, halafu siku unapotaka kutoa ndipo zinapodai picha ya kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Saa nane usiku, chini ya taa hafifu, picha inatoka na ukungu, inakataliwa, unajaribu tena, inakataliwa. Pesa iko palepale kwenye akaunti, mchezo uko mguso mmoja kando yake. Unaona jinsi inavyokwenda. Tuma nyaraka zako mchana, ungoje mpaka ujibiwe kwamba zimekubaliwa, ndipo uweke dau la kwanza.

Sasa macho. Ukurasa mweupe kwenye chumba chenye giza unachoma, na mwanga mkali wa skrini husukuma usingizi mbali zaidi, kwa hiyo natafuta tovuti yenye mandhari ya giza. Lakini giza peke yake halitoshi. Kuna tovuti zilizopaka kila kitu rangi nyeusi, halafu zikaandika masharti kwa herufi za kijivu zisizoonekana. Viwango vya kimataifa vya kurasa za mtandao vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Huna haja ya kupima. Punguza mwanga wa simu kama unavyoupunguza usiku, kisha jaribu kusoma vitu vitatu: salio lako, kiasi cha dau, na masharti ya kutoa pesa. Kimoja kisiposomeka, ondoka.

Kiasi cha dau ndicho kilichonigharimu zaidi. Kwenye sloti moja niliyokuwa naicheza, alama ya kuongeza dau ilikuwa imebanana na kitufe cha kuzungusha, upana wa kucha kati yake. Kidole gumba kilichochoka kikagusa alama ya kuongeza, dau likaruka mara kumi, na mguso uliofuata ukazungusha. Nilikuja kugundua mizunguko minne baadaye, nilipoona salio limeporomoka. Mwongozo wa Apple kwa watengenezaji wa programu unataka sehemu ya kugusa isipungue pointi 44 kwa 44 (pointi ni kipimo cha skrini), nao umewekwa kwa sababu kidole cha binadamu si ncha ya sindano. Tovuti nzuri ya usiku ina vitufe vikubwa vilivyoachana, na ukibadilisha dau inakuonyesha kiasi kipya kwa herufi kubwa kabla hujazungusha. Na mchezo unaojizungusha wenyewe, uzime. Usiku unaweza kusinzia huku dau zinaendelea kuingia.

Hapa niseme kidogo juu ya kasi, kwa sababu wengi hutazama asilimia ya marejesho tu na kuiacha kasi. Chukua sloti yenye marejesho ya asilimia 96. Maana yake ni kwamba katika muda mrefu, kila 100 inayowekwa dau, wastani wa 4 hubaki kwa kasino. Ukizungusha kila baada ya sekunde 2.5, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa sloti za mtandaoni Uingereza, saa moja ina mizunguko 1,440. Kwa dau la 1 kila mzunguko, wastani wa hasara ni karibu 58 kwa saa. Ujerumani wanataka mzunguko uchukue wastani wa sekunde 5 angalau: mizunguko 720, hasara karibu 29. Mchezo ni uleule, asilimia ni ileile, kilichobadilika ni mwendo tu. Ndiyo sababu usiku nimehamia kwenye meza ya ruleti yenye mgawaji halisi wa kwenye kamera, tena yenye sifuri moja. Ruleti hiyo ina nafasi 37 na faida ya kasino ni asilimia 2.7. Ile yenye sifuri mbili ina nafasi 38, na faida ya kasino inapanda hadi asilimia 5.26. Mgawaji lazima akusanye dau zilizopotea, alipe zilizoshinda, azungushe gurudumu, angoje kijipira kitulie. Muda huo wa kungoja unakupa pumzi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hawaligundui. Mchezo ukijaza skrini nzima, saa ya simu inapotea. Unafungua saa sita, unainua macho, jogoo anawika. Tovuti ninayoiamini huonyesha saa pembeni ya mchezo, muda uliokwisha kucheza, na jumla ya ulichopoteza au kushinda tangu uingie. Nasisitiza jumla. Salio peke yake linadanganya, kwa sababu ukiongeza pesa mara tatu salio linaonekana zuri huku hasara imekua. Tena kikumbusho cha muda kiwe cha kusimamisha mchezo mpaka ukijibu, si kijimkanda kinachopita juu ya skrini na kutoweka.

Kwa nini ninashikilia mambo haya ya usiku? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani pamoja na wenzao wa Singapore walichapisha utafiti juu ya watu waliokeshwa usiku mmoja kisha wakapewa maamuzi ya kamari. Waliokosa usingizi waliacha kujilinda na hasara wakaegemea kufukuzia faida, na hata ubongo wao uliitikia hasara kidogo kuliko kawaida. Niliposoma hayo niliukumbuka usiku wangu wa kitufe cha kijani. Uchovu ulikuwa umenibadilisha nikawa mchezaji mwingine, na tovuti ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya huyo mwingine.

Kwa hiyo kikomo cha pesa weka mchana. Kisha chunguza kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo tovuti zinapotofautiana sana. Ukipunguza kikomo, kinapaswa kuanza papo hapo. Ukitaka kukiongeza, inapaswa ikungojeshe saa 24 angalau na ikuulize tena baada ya hapo. Tovuti inayokubali kuongeza kikomo saa tisa usiku kwa mguso mmoja haina kikomo, ina pambo. Tazama pia kama kuna kitufe cha kujifungia haraka. Kwa sheria ya Ujerumani iliyoanza Julai 2021, kila tovuti ya michezo hii lazima iwe na kitufe kinachomfungia mchezaji saa 24 papo hapo, bila maswali. Nimekitumia cha namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili asubuhi nilishukuru.

Bonasi za usiku zikatae. Hufika saa saba, saa nane, na maneno matamu. Mfano wa kawaida: bonasi ya 100 yenye sharti la kuizungusha mara 35, yaani kuweka dau za mara 35 ya kiasi chake, kabla ya kutoa. Hiyo ni dau za jumla ya 3,500. Kwenye sloti ya asilimia 96, wastani wa hasara njiani ni 140, zaidi ya bonasi yenyewe. Hesabu hiyo hakuna anayeifanya akiwa amelala ubavu. Zima arifa zote za tovuti, na ikikosekana sehemu ya kuzizima, hilo nalo ni jibu.

Huduma kwa wateja ijaribu kabla hujaihitaji. Andika swali saa nane usiku, swali la kweli kama "muunganisho ukikatika dau langu likiwa mezani, inakuwaje?", uone kama anajibu mtu au roboti inayozunguka palepale. Usiku pia ndipo benki na mifumo ya malipo hufanyiwa matengenezo mara nyingi. Niliwahi kuweka pesa, ikasema imeshindikana, nikarudia, na asubuhi nikakuta miamala yote miwili imepita. Malipo yakikwama usiku, usirudie. Piga picha ya skrini, ulale.

Na leseni, kwa ufupi: namba huwa chini kabisa ya ukurasa. Itafute kwenye orodha ya mamlaka iliyoitoa, usiridhike na nembo.

Kama umesoma mpaka hapa na unajijua kwamba kila usiku unacheza kurudisha pesa ya jana, basi hakuna tovuti nitakayokuelekeza. Jifungie kabisa. Uingereza wana GAMSTOP, ambapo mtu hujifungia kwenye tovuti zote zenye leseni kwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na nchi nyingine zina mifumo inayofanana. Kundi la Gamblers Anonymous, lililoanzia Los Angeles mwaka 1957, lina mikutano katika nchi nyingi na mingine ni ya mtandaoni, hivyo hata mtu wa zamu ya usiku anaweza kupata wa kuzungumza naye. Nimekaa na mwenzangu mmoja wa kazini alipokuwa anajifungia. Mikono ilimtetemeka. Alipomaliza aliniambia, "Kaka, leo nitalala."

Mimi bado nacheza, usiku mbili kwa wiki. Kengele ya simu nimeitega saa saba na nusu. Ikilia namalizia mzunguko ulioko mezani, naomba kutoa chochote kilichobaki hata kiwe kidogo, halafu simu naichaji sebuleni.