Mrija wa figo: tundu ni dogo, kazi iko nyumbani

Mrija wa shangazi, ule unaopenya mgongoni hadi kwenye figo na kuteremsha mkojo kwenye mfuko wa nje, ulichomoka Jumapili saa tatu usiku. Aligeuka kitandani, mfuko ukawa umenasa kwenye ubao wa kitanda, mrija ukatoka mzima mzima pamoja na plasta yake. Damu kidogo, maumivu hamna. Mimi ndiye niliyesema, "Lala shangazi, tutakwenda kesho." Kesho yenyewe, kwa foleni za Dar es Salaam, tulimwona daktari saa sita mchana. Akaangalia mgongo, akauliza ulitoka saa ngapi, nikamwambia. Njia ilikuwa imeshajifunga. Tungewahi usiku uleule, huenda wangepitisha mrija mwingine katika tundu lile lile lililokwisha kukaa wiki tano. Sasa ikabidi achomwe upya.

Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: mrija ukitoka, au hata ukivutika nusu, usingoje kukuche. Funika tundu kwa gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda), beba mrija wenyewe, nenda. Wala usijaribu kuurudisha kwa mkono wako.

Turudi nyuma kidogo. Shangazi ana saratani ya shingo ya kizazi. Uvimbe ulikuwa umebana zile njia mbili nyembamba zinazoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Mkojo ukakosa pa kupita, figo zikajaa. Sisi tulidhani kichefuchefu na kuvimba miguu ni saratani yenyewe inaendelea. Kipimo cha kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, kilikuja zaidi ya mikromoli 700 kwa lita, wakati mwanamke mwenye figo nzima huwa chini ya 100. Na alikuwa anasubiri kuanza mionzi pamoja na sisplatini, dawa ambayo figo zilizochoka haziiwezi. Kwa hiyo mrija haukuwekwa kutibu saratani. Uliwekwa ili matibabu ya saratani yawezekane. Ndugu wengi hawalielewi jambo hili, na mtu asiyelielewa hukata tamaa akiona mgonjwa "kawekewa mipira".

Jirani mmoja alileta chupa ya mitishamba ya kusafisha figo. Tulimshukuru, tukaiweka kabatini. Figo za shangazi hazikuwa chafu, zilikuwa zimezibwa.

Shangazi aliogopa kisu. Kisu hakukuwepo, ila ncha ndogo ya kuchanja ngozi. Alilazwa kifudifudi, akapigwa ganzi, daktari akatafuta figo kwa ultrasaundi kisha akaingiza sindano ndefu mgongoni, chini ya mbavu, huku anaitazama kwenye skrini. Mkojo ulipotokeza, akapitisha waya mwembamba ndani ya sindano. Sindano ikatolewa, waya ukabaki, njia ikapanuliwa taratibu, na mrija wenye unene wa milimita 3 hivi ukateleza juu ya waya hadi ndani. Waya ukivutwa, ncha ya mrija hujikunja kama mkia uliosokotwa ili usichomoke kirahisi. Mwisho wakapitisha dawa ya rangi na kupiga eksirei kuhakikisha umekaa. Shangazi alikuwa macho muda wote. Analalamika mpaka leo, si kuhusu sindano, bali kulala kifudifudi akiwa na tumbo linalouma. Mwambie daktari mapema kama mgonjwa wako hawezi kulala hivyo.

Watu huita haya mambo mapya. Ule ujanja wa waya alieleza daktari Msweden, Sven-Ivar Seldinger, mwaka 1953, na mwaka 1955 Willard Goodwin na wenzake wa Los Angeles wakaandika jinsi ya kutoa mkojo kwenye figo iliyojaa kwa kupenya ngozi. Kwa hiyo ni mambo ya enzi za bibi zetu. Kilichochelewa kwetu ni wataalamu. Chuo kikuu cha Muhimbili kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya tiba radiolojia, yaani tiba hizi za sindano na waya zinazoongozwa na picha, mwaka 2019.

Kabla ya siku yenyewe taja kila dawa anayokunywa mgonjwa, hasa za kufanya damu isigande. Sisi tulisahau aspirini, maana inauzwa duka la dawa kama peremende na shangazi hakuihesabu kuwa ni dawa. Daktari ndiye aliyeichimbua kwa maswali.

Siku ya kwanza na ya pili mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Tuliambiwa ni kawaida mradi rangi inapungua. Ukizidi kuiva, au yakitoka mabonge, hiyo si kawaida. Jambo lililotushtua zaidi ni wingi: figo zilizokuwa zimezibwa zikifunguliwa humwaga mkojo lita kwa lita, na mgonjwa anaweza kuishiwa maji mwilini. Tulikuwa tunaandika kwenye daftari kilichoingia na kilichotoka. Nunua daftari kabla ya kununua matunda.

Nyumbani adui mkubwa ni joto. Plasta hubanduka kwa jasho, na plasta ikibanduka mrija unaning'inia kwenye uzi wa mshono peke yake. Baada ya ile Jumapili muuguzi alinionyesha kuupinda mrija kidogo ubavuni na kuubandika mahali pa pili, ili mfuko ukivutwa, kinachovutika kiwe plasta na si figo. Mfuko ukae chini ya usawa wa figo wakati wote, na uumwagwe kabla haujajaa, kwa sababu uzito wake huvuta. Kuoga ni kwa kitambaa kilicholowa upande ule. Bandeji ikiloa ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa mikono iliyonawa sabuni.

Mfuko ukikauka, angalia kwanza kama mrija umekunjika au mgonjwa ameulalia. Kama umenyooka na bado hakuna kitu, na ubavu unaanza kuuma, ni hospitali. Homa yenye kutetemeka ni hospitali pia, hata saa nane za usiku, na tafadhali usianze kwa panadoli na kungoja.

Kuhusu pesa, tulikosea hesabu. Tuliuliza bei ya kuweka mrija, hatukuuliza bei ya kuishi nao. Mrija hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu chumvi za mkojo huuziba. Kuna mifuko, gozi, plasta, nauli ya bajaji. Kama una bima, uliza kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi, na uulize kabla.

Kreatinini ya shangazi ilishuka, mionzi ikaanza. Mfuko wake anauita mkoba. Juzi alikwenda nao harusini Mbagala, umefungwa pajani chini ya dera pana, akacheza kidogo na kukaa sana. Mimi nilikaa meza ya pembeni, simu mkononi, namhesabia saa za kwenda kuumwaga.