Mita inashika mtandao, simu haishiki?
Kaka, hakuna uchawi hapo. Ukishuka chini ya ghorofa Kariakoo simu inakufa, ila mita ya maji iliyofunikwa kwa zege inatuma namba zake. Siri ni kurudia. NB-IoT, mtandao wa simu wa vifaa vidogo kama mita, inarudia ujumbe uleule, kwenda mnarani hadi mara 128, kurudi hadi 2048, na mpokeaji anajumlisha vipande hafifu mpaka vishinde kelele. Kama konda pale Mbagala: "Posta, Posta, Posta!" Ya tatu ndiyo unaisikia. Tena nguvu inabanwa kwenye mkanda mwembamba wa masafa, hata kilohezi 3.75. Lengo lilikuwa kuipita GSM (mtandao wa 2G) kwa desibeli 20, yaani kunasa ishara iliyo hafifu mara 100 zaidi. Ila ni polepole, na marudio yanakula betri. WhatsApp usahau.