Mashua kuukuu ya futi 28: kagua misumari na mataruma kabla ya kuzungumza bei

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza kama ununue mashua ya mvule ya futi 28 inayovuja, ambayo mwenyewe anasema "inataka kalafati tu", yaani kuzibwa mianya ya mbao kwa pamba. Huenda anasema kweli. Ila kuvuja ni dalili, na wewe unatakiwa kujua kwa nini pamba imetoka. Pamba hukaa pale mbao zilipotulia. Taruma (ubavu wa mashua) likioza au msumari ukilika, ubao hucheza kwa kila wimbi na kuitema pamba, na fundi akishindilia nyingine anazidi kuusukuma ubao utoke kwenye taruma. Mashua ya hivyo utaikalafati kila bamvua (siku za maji makuu) na bado utakuwa unafua maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje.

Kwa hiyo usiikague ikielea. Omba ipandishwe ufukweni siku za bamvua, maji yakipwa upate saa kadhaa za kuizunguka, na umwambie mwenyewe asifue ngama (maji yaliyokusanyika ndani ya chombo) siku hiyo. Bahari ikishuka, maji ya ndani yatatokea pale pale yalipoingilia. Pita nje na chaki, tia alama kila penye mchirizi. Unyevu ukifuata mwanya wa ubao na ubao, hiyo ni kazi ya kalafati. Ukiona matone kwenye vichwa vya misumari, au maji yanabubujika kandokando ya ubao wa kwanza ulioketi juu ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo), kazi ni nzito zaidi.

Misumari ndiyo inayoua vyombo vyetu vingi. Zinki iliyoupaka msumari ikishaisha, chuma hulika hasa pale katikati, ubao unapokutana na taruma, huku kichwa kikionekana kizima. Kutu nayo huharibu mti unaouzunguka: utauona mweusi, laini, unachimbika kwa ukucha. Omba ruhusa ung'oe msumari mmoja au miwili chini ya mstari wa maji. Ukitoka umekonda katikati kama sindano, hesabu kwamba yote iko hivyo. Tuseme mashua ina mataruma 22 na mbao 10 kila upande, misumari miwili kila ubao unapokatiza taruma: hiyo ni misumari 880, kama kilo 15 ya inchi nne, na kila mmoja utobolewe tundu jipya pembeni ya la zamani. Hayo ni malipo ya fundi ya siku nyingi, na muuzaji hatakutajia.

Kwa uozo, chukua bisibisi nyembamba uchome. Wengi huchoma chini tu, kumbe maji ya chumvi hayaozeshi mti kama maji ya mvua. Anzia juu: vichwa vya mataruma, pembe za omo (mbele) na shetri (nyuma), chini ya dari, na kila mahali mvua inapotuama. Kisha shuka hadi miguu ya mataruma karibu na mkuku, ambako takataka huzuia maji kutiririka. Mkomafi na mlilana, miti ya mikoko, ni miti mizuri ya mataruma, lakini ikikaa kwenye uchafu wenye maji ya mvua nayo huoza. Taruma moja moja linatibika kwa kulitilia pacha ubavuni. Yakizidi theluthi, mimi nisingeinunua.

Chini ya maji adui ni yule mnyoo anayetoboa mbao. Huingia akiwa mdogo sana kwa tundu la kama ncha ya pini, halafu hukua ndani akifuata nyuzi za mti, ubao ukabaki mzuri kwa nje. Gonga kwa mpini wa nyundo usikilize panapolia tupu. Deheni (mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa chini ya chombo) ikiwa mbichi mno, kwangua sehemu kadhaa. Chokaa na shahamu huficha mengi. Na uulize mashua huchomwa moto wa makuti kila baada ya muda gani, kwa sababu huo moto ndio unaowaua kabla hawajaingia ndani.

Mkuku upimwe kwa uzi uliovutwa kutoka omo hadi shetri. Ukipinda inchi moja kwa chombo cha umri huo, unavumilika. Inchi tatu, au ufa mahali mlingoti unaposimama, iache.

Kisha iingie maji na ipakiwe. Kama imekaa juani miezi, itavuja sana mwanzoni. Ipe siku tatu nne mbao zivimbe. Hesabu ndoo za maji kwa saa moja ikiwa imetia nanga, halafu saa moja ikiwa tanga limejaa upepo. Zikilingana, kalafati itatosha. Zikiongezeka mara mbili au tatu, mbao zinacheza, na unarudi kwenye misumari na mataruma.

Tanga, kamba na makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) visikuumize kichwa, ni vya kubadilisha. Foromali (boriti inayobeba tanga) itazame pale vipande vinapounganishwa. Kama shetri imekatwa ili kufungiwa mashine, angalia nyufa.

Fundi wa kukagua awe wako, umlipe siku yake. Asiwe yule anayeihudumia mashua hiyo. Hati nazo: namba ya ubavuni ilingane na ya kwenye usajili wa TASAC (shirika la serikali la meli na vyombo vya majini), na ikiwa ni mali ya urithi, warithi wote waridhie kabla hujatoa hata shilingi.

Ukiinunua, shika mpangilio huu: mataruma kwanza, misumari, mbao mbovu, ndipo kalafati. Kwa mashua hiyo mianya ni kama mita 170, na mbao ziwe kavu, kwa hiyo usianze masika. Deheni ipakwe mwisho, na mashua iingie majini bamvua linalofuata, kabla jua halijaifungua mianya upya.