Muulize Bi Mkubwa: Mkutano unaitwa bamvua, siye tupo kwenye mwani

SUALI: Asalaam alaykum bi mkubwa. Mie mama wa watoto wanne, nipo wilaya ya Micheweni huku Pemba, mwani nalima tangu sijaolewa. Kwetu tupo kina mama kama thelathini hivi wa mwani na jambo letu ni hili, kila mkutano wa shehia, yaani wa mtaa wetu, unaitwa saa nne asubuhi na tena siku za bamvua, maji yamekupwa, siye tupo kule kwenye kamba tunafunga mbegu, tukirudi tunaambiwa mshakubali. Mara ya mwisho tumesikia kipande cha pwani tunacholima anataka kupewa mtu wa hoteli na kwenye karatasi imeandikwa wananchi wameafiki. Wananchi gani hao, wanaume wa barzani? Nilitaka kwenda kuuliza mume wangu kasema usinitie aibu, na wenzangu wanamuogopa sheha, mkuu wa shehia, maana yeye ndo anaeandika barua ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Tufanyeje?
Mama Mwani, Micheweni

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hio saa nne ya bamvua imenichekesha kwa hasira, maana mtu wa pwani hahitaji kalenda kujua siku hizo kina mama wako wapi. Labda sheha wenu hakusudii, labda anakusudia, la moyoni mwake analijua Mungu, lakini nyinyi mnakosa mkutano vilevile.

Kifungu cha 21 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila Mzanzibari haki ya kushiriki kwenye maamuzi ya mambo yanayomhusu. Hakikusema mwanamme, wala hakikusema alie na nafasi saa nne. Kwa hio hamuendi kuomba fadhila, na nalisema hili mapema kwa sababu nawajua watu wetu, tukifika ofisini neno la kwanza ni "samahani tunakusumbueni".

Sasa kazi yenyewe. Usiende peke yako, utaitwa mkorofi yakaishia hapo. Kaeni usiku mmoja baada ya isha nyumbani kwa mmoja wenu muandike barua, ukurasa mmoja unatosha, mkutano gani, tarehe gani, nyinyi mlikuwa wapi. Halafu ombeni vitu viwili tu, mkutano uitwe upya siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, au baada ya alasiri, na msomewe muhtasari wa ule uliopita pamoja na majina ya waliohudhuria. Hayo majina msiyaachie kabisa, maana pakionekana walikuwepo watu kumi na mbili na hakuna hata mama mmoja wa mwani, hilo neno "wananchi wameafiki" litatafutiwa maelezo. Asiejua kuandika atie dole gumba. Toeni kopi, ya sheha abaki nayo na yenu aigonge muhuri, hana muhuri basi aandike tarehe aliyopokea na atie saini. Barua nzuri ngapi nimeziona zimekufa kwa kuwa mtu alipeleka mkononi, akasema ahsante, akaondoka.

Sheha hapigiwi kura, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa hio akikaa kimya kopi ipande kwa Mkuu wa Wilaya. Diwani na mwakilishi wenu wa Baraza la Wawakilishi nao wapate yao, hao kura zenu wanazitaka. Na jengine, ardhi Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, mwekezaji anakodishwa na serikali, shehia peke yake haimpi mtu pwani, kwa hio ulizeni waziwazi hilo jambo limefika ofisi gani. Mkikwama tafuteni wasaidizi wa sheria, Pemba wapo, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 kwa ajili ya watu wasio na pesa ya wakili.

Hofu ya kitambulisho siiti upuuzi. Wapemba wenzetu walohamia Kenya wamevua Kilifi na Kwale miaka nenda miaka rudi, watoto wamezaliwa huko wakazaa wengine, na kitambulisho walikuwa hawana, leseni ya uvuvi ilikuwa taabu, hata laini ya simu wakiisajili kwa jina la jirani. Wamakonde wa Kwale, nao walokuwa hawana vitambulisho, mwaka 2016 walifunga safari mpaka Nairobi kumuona Rais Uhuru Kenyatta, wakasikilizwa. Wapemba wakaendelea kudai mpaka 2023 ndo serikali ya Kenya ikawatambua. Kwa hio najua karatasi hio ina uzito gani, na ndo maana nasema wale ambao barua zao bado zipo kwa sheha wasitangulizwe. Juu kabisa wasaini wenye vitambulisho vyao tayari mkononi, na wao ndo waende kuipeleka.

Mumeo muoneshe barua kabla haijatoka, akiona zimo saini za wake wa rafiki zake nadhani aibu itapungua. Na mkinyimwa huo muhuri niandikieni tena, mnitajie siku na saa mlofika.