Mkuu wa shule anaondoka: wengine wanalia, wengine wanahesabu siku

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata, Moshi Vijijini. Mkuu wetu wa shule anatimiza miaka 60 na anastaafu mwezi ujao. Nimepewa kazi ya kuandika risala ya walimu, na nimekwama. Ni yeye aliyezunguka kwa wazazi na makanisani mpaka hosteli ya wasichana ikaezekwa. Kabla ya hapo watoto wa mbali walikuwa wakipanga vyumba mitaani. Ni yeye pia anayekaripia walimu paredi mbele ya wanafunzi, na ndiye aliyemnyima mwenzetu mmoja ruhusa ya kwenda kumzika mama yake mdogo. Wasichana wa hosteli wanalia. Wavulana wa kidato cha tatu wanahesabu siku, kwa sababu ya fimbo. Ofisini imebandikwa orodha ya mchango wa zawadi, shilingi 20,000 kila mmoja, na majina ya wasiotoa yamepigiwa mstari mwekundu. Niandike nini nisimdanganye mtu?

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi Vijijini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimestaafu ualimu hapahapa Moshi na risala za kuaga nimezisikia nyingi. Zote husema yaleyale: “Umekuwa baba, umekuwa mlezi, pengo lako halizibiki.” Anayeagwa hakumbuki hata sentensi moja ikifika jioni, na wenye kinyongo waliokaa nyuma wanaona wamefanywa mashahidi wa jambo wasiloliamini.

Andika hosteli. Risala nzima iwe ya hosteli ukitaka. Eleza alianzia kwa nani, mabati yalipatikanaje, kina mama waliosomba mchanga walitoka kijiji gani. Sisi tuliofundisha shule za kata tunajua binti aliyepanga chumba anakutana na nini: kodi ikichelewa, mwenye nyumba anagonga usiku; nauli ikiisha, kuna mwenye bodaboda anayempakia bure kila asubuhi, na bure hiyo ina siku yake ya kudaiwa. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, nami nilifurahi sana siku ile. Lakini kitanda kilicho hatua chache kutoka darasani kinamkinga mtoto mapema zaidi. Wasichana wale wanajua wanalia nini. Hata mwenzenu aliyenyimwa ruhusa anaweza kulipigia makofi jambo hilo bila kuusaliti moyo wake. Ukiishia hapo hujamdanganya mtu. Usiongeze kwamba alikuwa mpole, wala kwamba walimu wote wanahuzunika.

Wavulana nao wasikilizwe. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iingizwe kwenye kitabu chake. Kama kwenu fimbo inatembea paredi kwa mtoto aliyechelewa kwa sababu ya mvua na kitabu hakionekani, vijana hao wana lalamiko la haki na wala si utovu wa nidhamu. Serikali ya wanafunzi ilifikishe kwa makamu mkuu sasa. Wakisubiri mkuu mpya, naye atazikuta fimbo zimeegemea ukutani ofisini na kudhani ndio utaratibu wa shule.

La msiba linaniuma. Kumnyima mtu kumzika mama yake mdogo si jambo linalofutwa na keki. Tafuteni mwalimu mmoja mwenye umri, anayeheshimiwa na pande zote mbili, amsindikize mwenzenu ofisini siku kadhaa kabla ya sherehe. Aseme lililomkaa moyoni, mkuu asikilize. Huenda akaomba radhi, huenda asiombe. Hilo ni lake. Lakini lisingoje siku yenyewe, kwa sababu huku kwetu ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikishakatwa na watu wakalishana, anayeibua la zamani ndiye anayeonekana mkorofi, hata akiwa na haki. Na akiamua kutohudhuria sherehe, muacheni. Asiulizwe.

Orodha ya mchango iondoeni leo. Wekeni bahasha kwa mhasibu, atakayetoa atoe anachoweza, na zawadi itolewe bila kutaja aliyetoa na asiyetoa. Mwalimu mwenye watoto wawili chuoni asiaibishwe kwa sababu ya kitenge na seti ya vikombe.

Mwisho, makabidhiano. Hamkuniuliza, ila nimeona walimu wengi wakiumia hapo. Kama kuna fedha za vipindi vya ziada ambazo hamjalipwa, au mahindi ya wazazi ambayo hayajaandikwa stoo, ziingie kwenye taarifa ya makabidhiano, na mwenyekiti wa bodi awepo wakati wa kusaini. Mkuu mpya akipokea ofisi bila maandishi atawajibu kwamba deni hilo hakulikuta, na hamtakuwa na pa kushika. Mwombeni makamu awaonyeshe rasimu yake wiki hii.