Karabai za Kibirizi: majibu kwa wapiga picha wa mtaani

Shikamoo mzee. Kila jioni natembea na simu mitaa ya Mwanga na Lumumba hapa Kigoma napiga picha, lakini naona zinafanana tu. Nipige nini chenye maana? (Kijana wa Gungu)

Marahaba, mwanangu. Usiogope kufanana. Chagua kona moja, simama palepale, rudi kila mwezi. Mwaka wa kwanza utaona unapoteza muda. Subiri duka libadilishe jina, mti ukatwe, ghorofa ichomoze nyuma ya mabati, ndipo utajua ulichokuwa unafanya.

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa nateremka Kibirizi, kwenye ufuo wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, kupiga jua likizama, na nina picha nyingi za machweo ambazo hakuna anayeziulizia. Picha ninayoombwa hadi leo niliipiga huku nikisubiri jua lishuke: mvuvi amechuchumaa kwenye ukingo wa mtumbwi, karabai, taa ya kuvulia usiku, iko mapajani, anafuta masizi kwenye kioo kwa kipande cha kitenge. Miguuni pake kuna kopo la mafuta ya taa, na nyuma dagaa wameanikwa moja kwa moja mchangani. Leo wavuvi wetu wengi wanawasha taa za betri na sola, na dagaa wengi wanakaushwa juu ya vichanja. Siku ile sikujua kwamba ninapiga picha ya kitu kinachoaga.

Kwa hiyo piga vile unavyovipita bila kuviona: ubao wa bei ya mawese, jina la saluni lililoandikwa kwa brashi, bajaji zilivyopanga foleni, maji ya ziwa yalipofika. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipopanda, aliyekuwa na picha ya zamani ya ufuo aliweza kumwonyesha mtu ukuta ulipokuwa umesimama. Na ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, vichanja vitupu navyo vilikuwa habari.

Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara yenye pilikapilika jijini Paris. Kamera za wakati ule zilihitaji dakika kadhaa kunasa picha moja, hivyo waliokuwa wakitembea na magari ya farasi hawakuonekana kabisa. Anayeonekana wazi ni mtu aliyetulia akipigwa kiwi viatu vyake. Yeye hakujipanga kuwa kumbukumbu, wala Daguerre hakumpanga. Kwa hiyo hata mpiga kiwi wa pale stendi usimruke.

Simu inatosha au ninunue kamera? (Mwanafunzi, Ujiji)

Inatosha. Futa lenzi, usivute kitu cha mbali kwa vidole, sogea wewe mwenyewe. Hela ya kamera nunulia diski ya kuhifadhia, kisha nakala nyingine iweke nyumba nyingine. Simu yangu iliwahi kutumbukia majini nikishuka kwenye boti, na picha za mwaka mzima zikaenda nayo.

Mimi nauza dagaa. Watu wanakuja, wanatupiga picha tukiwa tumeinama na jasho linatutoka, wanaondoka. Hiyo ni haki kweli? (Mama wa Kibirizi)

Si haki, mama, na pole. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu hachukuliwi sura yake kama anayeokota kokoto. Una haki ya kusema hapana, na una haki ya kumwambia afute mbele yako.

Kwenu wapiga picha: salamu kwanza, kisha maneno mawili ya biashara, kamera baadaye. Mkikataliwa, shukuruni mwende. Picha ya soko zima kutoka mbali ni jambo jingine. Sura ya mtu mmoja ni ya mwenyewe. Na mkipewa ruhusa, rudini na nakala iliyochapwa. Nimemwona mama mmoja ameibandika yake ndani ya kibanda, juu ya mizani.

Nataka kupiga stesheni na bandari. Nitakamatwa? (Dereva wa bodaboda)

Ndani usipige bila ruhusa ya wahusika; nenda ofisini, jieleze. Ukiwa barabarani kwa juu, jengo la stesheni linaonekana vizuri, ila askari akikuzuia usibishane. Usichelewe, lakini. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na ile meli tunayoiita Liemba ililetwa kwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapahapa Kigoma. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Reli ya kisasa ikifika, mandhari yote ya pale yatabadilika.

Marehemu baba ameacha albamu ya picha za Ujiji na Kigoma za miaka ya 1970. Mchwa wameanza kuila. Mama bado tunaye. Nifanye nini? (Binti wa Katubuka)

Itoe hapo ilipo leo hii, iweke mahali pakavu pasipo jua. Picha zilizong'ang'ania gundi usizibandue kwa nguvu. Zipige zikiwa humohumo, karibu na dirisha lenye kivuli, bila fleshi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Zinazotoka zenyewe, andika nyuma kwa penseli laini: mtaa, mwaka, nani.

Hapo kwenye maandishi ndipo tunapopoteza. Mpiga picha Mfaransa, Eugène Atget, alizunguka Paris ya zamani kwa karibu miaka 30, na picha zake aliziandikia mahali zilipopigwa. Alipofariki mwaka 1927, mpiga picha Mmarekani Berenice Abbott alinunua sehemu kubwa ya kazi yake isipotee, kisha akarudi New York kupiga mji wake mwenyewe ukibomolewa na kujengwa. Leo mtu anaweza kutafuta mahali Atget aliposimama. Picha zetu nyingi zimeandikwa "kumbukumbu njema" tu.

Umesema mama yako yupo. Mpelekee albamu Jumapili, akiwa amepumzika, washa kinasa sauti cha simu, anza na ukurasa wa kwanza. Muulize huyu aliyeshika baiskeli chini ya mwembe ni nani, na mwembe wenyewe ulikuwa wapi.